Kwa nini mtu anakuwa bingwa wa Tour de France bila kushinda hata siku moja?

Swali: "Shikamoo kocha. Sisi ni vijana wa Veyula hapa Dodoma, kila Jumapili tunatoka na baiskeli. Tumefuatilia Tour de France kwenye simu na tumebaki tunabishana. Anayeshinda siku nyingi hapewi ubingwa, na bingwa mwenyewe muda mwingi yuko katikati ya watu, hata wenzake wakitoroka hawafukuzi. Mmoja wetu anasema matokeo yanapangwa. Tunaomba utufafanulie. Halafu tunataka kuandaa mbio zetu za siku tatu wakati wa kiangazi. Tutampataje mshindi wa haki, na mwenye baiskeli ya kawaida ana nafasi?"

Marahaba, na wasalimie wenzako wote wa Veyula. Matokeo hayajapangwa. Mnachokiona ni hesabu ya saa, na kinachoiendesha hesabu hiyo ni upepo. Nyinyi mna bahati ya kuielewa habari hii haraka kuliko vijana wa mikoa mingine, kwa sababu upepo wa kiangazi wa Dodoma hauhitaji kusimuliwa kwa mtu wa Veyula.

Tuanze na saa. Mbio za hatua, yaani mbio za siku nyingi ambazo kila siku ya kuendesha ni hatua moja, hazimtafuti aliyefika wa kwanza leo, zinamtafuta aliyetumia muda mdogo kuliko wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Tour de France ina hatua 21 ndani ya siku 23, siku mbili zikiwa za mapumziko, na urefu wake kwa kawaida ni kama kilomita 3,400. Kila jioni muda wa kila mwendeshaji unaongezwa juu ya alionao tangu jana, kama daftari la mkopo la Mangi: halisahau, na linajumlishwa mwisho. Jezi ya njano inaonyesha tu ni nani ana jumla ndogo kuliko wenzake asubuhi ile.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu ubishi wenu wote uko hapa. Watu mia wakifika pamoja, wote wanaandikiwa muda wa aliyetangulia. Wa mia anaweza kuvuka mstari sekunde ishirini baada ya wa kwanza na asipoteze chochote, ilimradi kundi halijakatika mbele yake. Makamisaa, yaani waamuzi wa mbio, wanapima pengo kati ya tairi la nyuma la mtu wa mwisho wa kundi na tairi la mbele la anayemfuata. Pengo likifika sekunde moja, anayefuata anaanzishiwa muda mpya. Siku za tambarare, ambazo watu hufika wakiwa wamesongamana kwa mwendo wa kutisha, kipimo hulegezwa hadi sekunde tatu ili wasiumizane wakigombea nafasi ya arobaini. Mshindi wa hatua ya kawaida anapunguziwa sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4, basi.

Maana yake mtu anaweza kushinda siku tano za tambarare akaambulia sekunde 50, na mwingine akapanda mlima mmoja vizuri, siku moja tu, akawaacha wenzake dakika mbili. Mark Cavendish wa Uingereza ameshinda hatua 35 za Tour de France. Hakuna mtu katika historia aliyeshinda nyingi kuliko yeye. Ya mwisho aliipata Julai 2024 akaipita rekodi ya Mbelgiji Eddy Merckx ya hatua 34. Ubingwa wa mbio nzima hakuupata, wala hakuwa anauwania, kwa sababu mlimani alikuwa anaachwa. Lakini Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alichukua ubingwa wake wa nne mwaka 2017 bila kushinda hatua hata moja. Alimzidi Rigoberto Urán wa Colombia kwa sekunde 54.

Wanaoshinda siku wana heshima yao, tena kubwa. Jezi ya kijani inahesabiwa kwa pointi, saa haihusiki. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja, akaivaa jezi hiyo hadi mwisho. Hakuna aliyemdai ubingwa wa jumla. Alikuja kwa kazi yake na akaimaliza, na mimi nilisimama mbele ya televisheni kumpigia makofi kana kwamba ananisikia.

Ila mkitaka mfano mmoja wa kumaliza ubishi, uchukueni wa mwaka 1990. Asubuhi ya hatua ya kwanza watu wanne walitoroka na kundi likawadharau. Walifika wakiwa wamewaacha wenzao kwa zaidi ya dakika kumi. Mmoja wao alikuwa Mwitaliano Claudio Chiappucci, ambaye wakati ule hakuhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Greg LeMond wa Marekani, bingwa mtetezi, alikuwa nyuma na kundi. Akatumia wiki tatu kulipunguza lile deni, kipande leo, kipande keshokutwa, na jezi ya njano aliipata siku moja tu kabla ya mwisho, kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Alimaliza mbele ya Chiappucci kwa dakika 2 na sekunde 16. Hatua hakushinda hata moja.

Turudi kwa bingwa anayekaa katikati ya watu. Kwenye tambarare, ukiwa kilomita 40 kwa saa, kama asilimia 90 ya nguvu yako inaishia kusukuma hewa. Cheni, tairi na lami vinagawana kilichobaki. Tena ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo, haupandi taratibu. Ukienda kilomita 40 kwa saa na upepo wa kilomita 20 kwa saa ukakujia usoni, hewa inakupiga kana kwamba uko kwenye 60, na ukinzani unakuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa siku tulivu. Upepo huo huo ukikujia mgongoni, unabaki na robo tu. Ndiyo maana anayetoka Dodoma kuelekea Bahi mwezi wa nane anajiona ana miguu mipya, na akigeuza kurudi anadhani ana homa.

Aliye nyuma yako, tairi lake la mbele likiwa sentimita thelathini tu kutoka tairi lako la nyuma, anaokoa kama theluthi ya nguvu. Ndani ya kundi kubwa faida ni kubwa mno. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji wakiongozwa na Bert Blocken walichunguza msafara wa waendeshaji 121, wakakuta walio ndani kabisa, kuelekea nyuma, wanapambana na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa anaoupata mtu aliye peke yake. Someni tena namba hiyo. Bingwa aliyetulia katikati ya watu yuko kazini. Anaifikisha miguu yake kilomita ya 180, kwenye mguu wa mlima wa mwisho, ikiwa bado mizima.

Gharama inalipwa na wenzake saba. Kila timu ya Tour de France ina watu wanane, na mara nyingi mmoja ndiye wanaomtumikia. Siku moja muacheni nyota, mtazameni msaidizi. Anarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anapokea chupa za maji moja moja kupitia dirishani na kuzitumbukiza ndani ya jezi, nyingine mgongoni, nyingine shingoni, hadi anatembea na nundu. Kisha anakazana kupita magari na watu mpaka mbele, anagawa, anabaki na moja yake. Nahodha akipata pancha na gari liko mbali, anashuka na kumpa gurudumu lake, au baiskeli nzima kama vimo vyao vinalingana, naye anabaki pembeni ya barabara akisubiri. Muda wake unapotea pale pale. Bingwa akipewa zile yuro 500,000 za zawadi, desturi ni kuzigawa kwa timu, na ni desturi ya haki kabisa.

Na wale wanaotoroka asubuhi wakaachwa? Kundi linasoma majina yao na jumla zao. Aliye nyuma saa nzima kwa jumla, hata akipewa dakika nane leo, hamtishi mwenye jezi ya njano, kwa hiyo anaachwa aende zake. Baadaye timu zenye watu wa mbio za kasi zinapanda mbele na kuanza kuvuta, kwa kanuni ya zamani kwamba kundi lililoamua linafuta kama dakika moja kila kilomita kumi. Waliotoroka wakiwa na dakika tatu na zimebaki kilomita arobaini, kundi liko kwenye hesabu. Zikiwa zimebaki ishirini, limechelewa. Mwaka 1990 kundi lilikosea kulisoma jina moja, na kosa hilo lilidumu wiki tatu.

Upepo wa ubavuni nimeuacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndio utakaoamua mbio zenu. Tour du Rwanda ya kila Februari inaamuliwa na milima, na ndivyo ilivyokuwa hata kwa mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika. Huko ukiwa dhaifu mlima unakutangaza. Sisi tukitaka kupanda kwa kweli tunapaswa kufika Saranda, au kuvuka Mtera hadi Nyang'oro. Jirani na mji tuna tambarare na mabonde madogo. Lakini kiangazi upepo wetu unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na unakata watu vipande vipande kama mlima ukiwakuta hawajui kujipanga.

Upepo ukitoka mbele, mahali pa kujikinga ni moja kwa moja nyuma ya mwenzako. Ukitoka kulia, kinga inahamia nyuma yake upande wa kushoto. Kwa hiyo kila mtu anasogea kushoto kidogo kwa aliyemtangulia, mnajipanga mshazari kuivuka barabara. Barabara nayo ina upana wake. Wakishatosha watano au sita, anayefuata hana pa kuingia, anabaki kwenye ukingo wa lami akipigwa na upepo bila kinga ya mtu. Nyuma yake wengine wanajipanga mstari mmoja, wote wakiteseka sawa. Baada ya muda mmoja anachoka na kuacha mita mbili. Mita mbili zinakuwa hamsini, hamsini zinakuwa dakika. Dawa ni wale waliokosa nafasi waanzishe mshazari wao wa pili mara moja. Wasing'ang'anie ukingoni kwa kiburi.

Julai 2013, hatua ya 13 ya Tour de France iliishia mji wa Saint-Amand-Montrond, na njiani hapakuwa na mlima wa maana. Alejandro Valverde wa Hispania, aliyekuwa wa pili kwa jumla, akaharibikiwa gurudumu wakati upepo wa ubavuni umeshalikata kundi. Alipoteza karibu dakika kumi. Baadaye siku hiyo hiyo timu ya Alberto Contador ikachochea mwendo tena ghafla, na Froome, akiwa na jezi ya njano mwilini, akaachwa zaidi ya dakika moja. Dakika kumi zimekwenda kwenye barabara iliyonyooka! Ndiyo maana siku za upepo timu zote hugombania kukaa mbele hata kilomita hamsini kabla ya kona inayobadilisha uelekeo.

Chukueni ramani ya barabara ya mzunguko wa nje ya jiji letu, ile ya kilomita 112.3. Fikirieni mnaizunguka kwa mkono wa saa kuanzia kwenu, na upepo unatoka kusini-mashariki. Veyula kwenda Mtumba unawajia usoni: mtu mmoja hatoki hapo, kila anayejaribu atarudishwa, kaeni nyuma ya wenzenu na mpokezane. Mkipita Ihumwa kuelekea Matumbulu unawapiga ubavu wa kushoto. Matumbulu hadi Nala unawasukuma mgongoni, mwendo unakuwa mkubwa na kinga ya kundi inapungua thamani, kwa hiyo mwenye miguu anaweza kwenda. Nala kurudi Veyula unatoka kulia. Mzunguko mmoja, mitihani minne tofauti. Sijui sehemu nyingine ya nchi hii yenye darasa la namna hiyo mlangoni mwa mji.

Lakini kuna jambo la usalama hapo ambalo nataka mlichukulie kwa uzito. Tanzania tunaendesha kushoto. Upepo ukitoka kulia, aliyetangulia anakaa karibu na mstari wa katikati na wenzake wanasogea kushoto hadi ukingoni, wote ndani ya upande wenu. Ukitoka kushoto, kama kati ya Ihumwa na Matumbulu, aliyetangulia anashika ukingo na mshazari unafunguka kulia, kuelekea wanakotokea malori. Mtu wa sita anajikuta upande usio wake bila hata kujua. Kama barabara haijafungwa na polisi, kipande hicho marufuku kujipanga mshazari. Tangazeni kabla ya kuanza, na atakayevuka mstari wa katikati aondolewe siku hiyo hiyo, hata kama ndiye anaongoza.

Kwa siku tatu zenu mimi ningefanya hivi. Siku ya kwanza mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, kilomita kumi na tano hadi ishirini, kwenda na kurudi njia ile ile. Mnaachiana dakika moja moja. Hakuna kundi, hakuna kusukumana, na jioni mnakuwa tayari na mapengo ya kweli na mtu wa kumvalisha jezi. Siku ya pili iwe ndefu, ya pamoja, kilomita sitini au themanini kulingana na uwezo wa mdogo kabisa kati yenu, kwenye vipande vya mzunguko mtakavyoruhusiwa. Siku ya tatu mizunguko mifupi mahali pasipo na magari, ili wazazi na majirani wawaone mkipita mara nyingi. Mkipata kibali, barabara za Mji wa Serikali Mtumba siku ya Jumapili zingefaa sana. Siku zote muanze saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Muda hesabuni kama nilivyoeleza: jumla ya siku zote, kundi moja muda mmoja, na sekunde 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza, isipokuwa siku ya kushindana na saa. Tena msizidishe zawadi ya sekunde. Mkitoa dakika kwa mshindi wa siku mtakuwa mmerudi kule kule kwenye ubishi wenu. Simu mbili zirekodi video kwenye mstari, moja kila upande wa barabara, na saa inayotembea ionekane ndani ya picha. Namba ziandikwe kwa rangi nene, moja mgongoni, nyingine kwenye fremu. Yule mwenzenu anayeamini matokeo yanapangwa mpeni kazi ya kusoma video na kuandika muda, kwa sababu mtu wa mashaka ndiye anayefaa kwa ukamisaa.

Ongezeni kanuni ya kilomita tatu. Kwenye mbio kubwa, siku za tambarare, kwa kawaida anayeanguka au kupata pancha ndani ya kilomita tatu za mwisho anapewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Inazuia vijana kufanya mambo ya hatari kwa kuogopa kupoteza sekunde. Kuhusu kuchelewa, Tour de France humtoa mashindanoni anayezidi asilimia fulani ya muda wa mshindi. Nyinyi msifanye hivyo. Aliyeharibikiwa njiani mwandikieni muda wa mtu wa mwisho pamoja na dakika tano, kesho arudi kuendesha. Mnahitaji watu zaidi ya mnavyohitaji ukali.

Baiskeli za kawaida. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, na Phoenix ya chuma inaweza kufika mara tatu ya uzito huo. Kwa hiyo gaweni madaraja mawili, zenye usukani wa mbio na gia peke yake, na za kawaida peke yake, kila daraja na bingwa wake na jezi yake. Lakini msikate tamaa mapema. Uzito unauma mlimani. Kwenye tambarare kinachouma ni hewa, na hewa haiulizi bei ya fremu. Inauliza umekaaje.

Mwaka 1989 LeMond huyo huyo aliianza siku ya mwisho akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, na zilikuwa zimebaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu peke yake dhidi ya saa. LeMond alifunga kwenye usukani wake vishikio vilivyomwezesha kuegemea kwa viwiko, mikono ikiwa pamoja mbele ya kifua, na akavaa kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake kafunga mkia. Baada ya kilomita 3,285 za mbio nzima, LeMond akashinda kwa sekunde 8. Hadi leo hakuna pengo dogo zaidi ya hilo kwa bingwa wa Tour de France. Kwa hiyo kunjeni viwiko, magoti yapite karibu na fremu, vaeni fulana inayobana isiyopepea, jazeni matairi upepo wa kutosha, safisheni cheni na kuipaka mafuta jioni ya kuamkia mbio. Vyote hivyo havizidi bei ya soda chache.

Mazoezi yenu ya Jumapili yageuzeni yawe ya kupokezana. Mtu wa mbele anavuta kwa nusu dakika tu, anatoka kuelekea upande upepo unakotokea, anapunguza kidogo na kurudi mwisho wa mstari, huku aliyekuwa wa pili akiendelea kwa mwendo ule ule. Wengi wakishika mbele wanaongeza mwendo ili waonekane, na wanamkata aliyetoka kupumzika. Mkemeeni anayefanya hivyo. Na tairi lako la mbele kamwe lisipite pembeni ya tairi la nyuma la mwenzako: akiyumba kukwepa shimo anakugusa, na anayeanguka ni wewe, yeye anaendelea. Shimo, mchanga na mbuzi vinatangazwa kwa sauti na kwa mkono, kutoka wa mbele hadi wa mwisho. Kofia ngumu kwa kila mtu, hata mazoezini.

Chakula nisikipite, maana vijana wengi wanashindwa na tumbo tupu wakidhani wameshindwa na miguu. Mwili una akiba ya wanga ya kutosha saa moja na nusu, labda mbili, za kuendesha kwa nguvu. Ikiisha, mtu anaishiwa ghafla, macho yanafifia na pedali hazisogei. Wakubwa siku hizi wanakula gramu 90 za wanga au zaidi kila saa wakiwa juu ya baiskeli. Nyinyi lengeni kama 60. Na hapa Dodoma tuna zabibu! Gramu mia za zabibu kavu zina karibu gramu 80 za wanga, hazimwagiki, haziyeyuki kwa jua, zinakaa mfukoni. Wekeni na ndizi mbivu. Maji yatieni sukari na chumvi kidogo. Anzeni kula dakika ya ishirini, kabla njaa haijafika, na mjaribu vyakula hivyo mazoezini kwanza ili tumbo lisiwashangaze siku ya mbio.

Mwisho ni vibali, na hivi vianzeni miezi miwili au mitatu kabla. Wasilianeni na chama cha baiskeli, CHABATA, wawape mtu anayejua kanuni. Barua kwa polisi wa usalama barabarani iwe na ramani, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya washiriki, na namba ya simu ya mtu mmoja anayewajibika. Ombeni gari la kutangulia, la kufunga nyuma, na mhudumu wa afya mwenye vifaa. Nakala ipelekeni kwa wenyeviti wa mitaa yote mnayopita na muongee nao ana kwa ana, kwa sababu saa 1 asubuhi ng'ombe wanavuka barabara kwenda malishoni, na wachungaji wakiambiwa wiki moja kabla watawapitisha mapema.